Nguo Isiyo na Mwenyewe

Tak.

Mara moja tu. Fundi akafumbua macho gizani. Sauti ile aliijua kama anavyokijua kikohozi cha mumewe: sindano ya cherehani yake ikishuka kitambaani, mshono mmoja, basi. Lakini cherehani ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa, na mwenye cherehani alikuwa hapa kitandani, mikono juu ya tumbo.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Panya," akasema mumewe, seremala, bila kugeuka. "Lala."

"Panya gani anashona?"

Mumewe akajivutia shuka mpaka masikioni.

Asubuhi akaifunua cherehani. Chini ya sindano kulikuwa na kigauni cheupe cha mtoto, kigauni alichokuwa amekificha kabatini chini ya vitambaa vyote. Kola ilikuwa imelowa. Akainusa. Maziwa, yaliyoanza kuchacha.

Kigauni hicho alikishona mwaka walipooana, siku ileile walipochagua jina la mtoto wao wa kwanza. Jina waliliweka baina yao wawili, wakaapa lisitamkwe mpaka mwenyewe azaliwe. Na pindo la chini aliliacha wazi, kama alivyofundishwa na shangazi yake aliyempa kazi hii: nguo isiyo na mwenyewe haifungwi pindo. Fundi aliitii sheria hiyo miaka yote, hata alipoacha kuiamini.

Kisha wiki iliyopita damu ya mwezi ikarudi tena. Siku hiyohiyo mteja mmoja alikuja kuchukua nguo za watoto wake pacha, akaangua kicheko mlangoni. "Kinyozi hajinyoi, fundi, lakini na wewe umezidi! Zako lini?"

Fundi alicheka naye. Alimsindikiza hadi nje, akarudi, akafunga mlango, akakitoa kigauni na kulifunga lile pindo huku machozi yakidondokea kitambaa.

"Haya, iko tayari," aliuambia utupu wa chumba. "Njoo basi."

Na kitu kilikuja.

Alilifumua pindo, likaamka limeshonwa upya, kwa mishono midogo iliyopinda, kama ya mtu anayejifunza. Alilifumua tena, na safari hii mishono ilinyooka, na shingo ya kigauni ilikuwa imelegea kana kwamba kichwa kimepita. Harufu ya maziwa ikatoka chumba cha kazi, ikashika ukumbi, ikasogea usiku kwa usiku hadi mlango wa chumba chao cha kulala, ikasimama hapo kizingitini, na chini ya mlango zikaanza kusikika kucha ndogo zikikwaruza mbao, taratibu, bila hasira, kama za mtoto anayejua kwamba mwishowe atafunguliwa. Seremala hakusema tena habari ya panya. Alilala macho wazi, ameushika mkono wa mkewe mpaka vidole vikafa ganzi.

Shangazi aliitwa, akaja mchana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikinusa kigauni, akakitupa sakafuni.

"Nani kafunga pindo?"

"Mimi, shangazi."

"Na ukamwita?"

Fundi akainama.

"Mwanangu, ukiita bila kutaja jina, anaitika yeyote. Hili ni jini." Akakichukua kigauni kwa ncha za vidole, akakipeleka uani, akakichoma. Hakikutoa moshi mweusi wala mweupe. Kililia tu, kilio chembamba, kisha kikanyamaza. "Nguo hana tena. Amebakiwa na kutafuta jina. Lile mliloliweka, lisitamkwe, hata ndotoni. Akilipata, nafasi ya mtoto wenu ameikalia yeye, na mwingine hatapita. Asipolipata, atachoka, atakwenda zake."

Kisha akamgeukia seremala.

"Na wewe, bwana mkubwa. Hospitali mmekwenda?"

"Tulisema tungoje kidogo, shangazi."

"Mngoje nini, mimba ipande basi ije? Haiingii kwa mke peke yake, haikosekani kwa mke peke yake. Kesho mwende wote wawili. Mmechelewa, lakini hamjachelewa kabisa."

Usiku ule kizingiti kilikuwa kimya. Ndipo seremala akasema, akiangalia dari, "Si kwamba sikutaka kwenda."

"Ila?"

"Wakipima, wakasema ni mimi?"

"Watatuambia la kufanya. Ndiyo kazi yao."

"Wakisema hakuna la kufanya? Sasa hivi naweza kusema bado. Nimeishi kwa hiyo bado, mke wangu."

Fundi akamkumbatia. Hakuwa amewahi kumsikia akilia, na hakujua kwamba analia kama mtoto.

Asubuhi wakavaa nguo nzuri. Jua lilikuwa kali, majirani wakifagia, redio ya mtu ikiimba. Fundi alitangulia uani na mkoba kwapani, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Seremala akauvuta mlango, akaingiza ufunguo.

Tak.

Mkono ukasimama.

"Twende," akasema fundi.

Harufu ya maziwa ikapita ufa wa mlango, safari hii tamu, mbichi, yenye joto la mtoto aliyetoka kunyonya, na kutoka ndani, karibu, kwenye usawa wa magoti, ikaja sauti ndogo iliyokuwa imengoja kila seremala alipokwepa, kila aliposema bado, kila alipowapangusa vumbi watoto wa wenzake na kuwarudisha kwa baba zao, sauti isiyotisha hata kidogo, ikasema neno ambalo hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia:

"Baba."

"Usimjibu!" Fundi aliutupa mkoba, akakimbia. "Mume wangu, daktari hajasema neno bado! Nitazame mimi! Hatujaambiwa hapana!"

Hakumtazama. Alikuwa ameshapiga magoti, paji la uso juu ya mlango, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani.

"Baba, mimi nani?"

Fundi akaufikia mdomo wake kwa viganja vyote viwili, lakini jina lilikuwa limekwisha kupita katikati ya vidole vyake, kwa upole wa miaka yote ile.

"Tunu."