Mbao za Nyumba ya Ngara

"Dada, achilia ubao, utararua gauni."

"Achilia wewe!"

Wapita njia wa Ngara walisimama kutazama. Nyumba kuukuu ilikuwa imebomolewa, na mbao za sakafu yake zilikuwa zikiuzwa kando ya barabara. Upande mmoja wa ubao mrefu alikuwa Mwongeli, karani wa ofisi ya wakili mjini, gauni la manjano, viatu vya visigino. Upande wa pili alikuwa Zedekiah, fundi seremala wa mtaa wa Kabiria aliyekuja kununua mbao, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimezaliwa kwa hii nyumba!" Mwongeli alisema, macho yakiwaka. "Mama yangu alikuwa mtumishi hapa, alisugua hii sakafu miaka yote, akafukuzwa kama mwizi. Leo inauzwa kama kuni!"

Zedekiah aliachilia. "Pole. Unataka kuifanyia nini?"

"Sijui. Sitaki tu ichomwe."

"Basi nikutengenezee meza ya kahawa. Hata ukipanda juu na hivyo viatu, haitatingika."

Mwongeli alicheka bila kutaka.

Tangu hapo kila Jumamosi Mwongeli alikuwa kwenye karakana ya Kabiria. Zedekiah alimfundisha kung'oa misumari bila kupasua mbao, na kupiga msasa taratibu. Jioni simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi yako ya mbao."

"Basi wewe ni wangu, huwezi rudi kwa wakili."

Meza ikakamilika: miguu minene, uso unaong'aa rangi ya asali. Ilibaki kukauka vanishi. Lakini kabla Mwongeli hajaichukua, aliiona kwenye simu yake, imewekwa katika sebule ya Valarie, mteja wa Zedekiah. Chini ya picha Valarie alikuwa ameandika: "Fundi wangu ananijali."

Mwongeli alimpigia Zedekiah simu. "Meza yangu inafanya nini kwa Valarie?"

"Babe, aliomba aipige picha tu, marafiki zake wanipe kazi..."

"Uliniuliza?"

"Nilidhani hutajali."

"Hata waliobomoa ile nyumba walidhani hivyo!" Akakata.

Hakushika simu zake tena. Jumamosi alikwenda mwenyewe mpaka mtaa wa Lavington, kwa Valarie. Mlango ulikuwa wazi, na sauti ya Zedekiah ilikuwa ndani.

"Ni mbao tu, Zed," Valarie alisema. "Mtengenezee ingine."

"Si mbao tu. Mama yake alizisugua akiwa amepiga magoti. Nilikosea kukupatia. Toa vikombe vyako."

"Na kazi za marafiki zangu usahau!"

"Nimesahau." Akaanza kuviondoa mwenyewe.

Mwongeli aliingia bila kubisha, akashika meza upande mmoja. Waliibeba pamoja mpaka nje ya geti, wakaitua kwenye nyasi.

"Usifikiri nimekuja kwa sababu yako," Mwongeli alisema akihema. "Bado nina hasira."

"Una haki. Ilikuwa yako, nami nikaitoa kama yangu." Zedekiah alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mwongeli, nataka kukuoa. Sitaki kudhani. Utakubali?"

Mwongeli alipangusa uso wa meza kwa kiganja.

"Nimekubali. Lakini Mama utamuuliza wewe mwenyewe, na ile hasira yake inashinda yangu."

"Yuko wapi?"

"Machakos."

"Twende mwezi ujao?"

"Kesho," alisema Mwongeli, "na ujitayarishe."