Pazia la Ukumbi wa Zamani

Rafiki yangu Wilkista alitaka kufufua kikundi cha maigizo cha marehemu mamake, mchuma majani chai wa Kiptere. Wakongwe walikataa kurudi bila pazia lao, basi jioni ya ukungu akalifuata katika ukumbi wa zamani.

“Fanya haraka, dada,” mlinzi Opondo akamtania mlangoni. “Wenyewe hawapendi kuibiwa.”

Enzi zile, kila mwigizaji alipiga kofi moja nyuma ya pazia kuonyesha yuko tayari. Wilkista akashusha pazia, akapiga kofi lake kwa mzaha, akakunja pazia kifuani.

Gizani likajibu kofi moja. Likafuata jingine, karibu zaidi. La mwisho lilikuwa zito, la mikono iliyofungwa matambara ya kuchumia chai, kama ya mamake.

Lilitokea ndani ya pazia alilokumbatia.