Aliyerudi Mchana

Wanaomfahamu mpiga pasi yule watakwambia hakuwa mtu wa kuzua mambo. Alikuwa mwanamke wa kazi, utani mwingi, usingizi kidogo. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa keshamgeuza mama yake kitandani, keshambadilisha shuka, keshamwekea chupa ya uji karibu na mkono. Mama alikuwa amepooza miguu. Macho na akili vilikuwa vizima kabisa.

Kisha binti alipanda baiskeli, dakika ishirini hadi stesheni, akaifunga kwa mnyororo kwenye uzio na kuikimbilia treni. Dakika arobaini za kusimama. Halafu shuka za hospitali na pasi ya mvuke mpaka jioni. Mshika mbili moja humponyoka, na kila treni ilipong'oa nanga kituoni alihisi ni mama anayemponyoka.

Jumatatu moja jioni alikuta matairi ya baiskeli yana tope bichi. Mvua haikuwa imenyesha. Mnyororo ulikuwa palepale, kufuli limefungwa, ufunguo uko shingoni mwake. Akagusa kiti. Kilikuwa kivulini tangu asubuhi, lakini kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Alipofika nyumbani, fundi cherehani wa jirani alimwita dirishani.

"Shoga, nimekukosea nini? Mchana umepita na baiskeli yako, nakusalimia, unanitazama tu."

"Mchana nilikuwa kazini."

Fundi akacheka. "Haya, kazini." Lakini hakukanyaga tena cherehani yake mpaka shoga yake alipoingia kwao.

Uji ulikuwa haujaguswa. Mama alinukia sabuni, kucha zake zimekatwa vizuri.

"Nimeshiba," alisema. "Si umenilisha mwenyewe?"

Binti akajiambia uzee umeanza kumchota mama akili. Hakubisha. Usiku huo aligeuka huku na huku, akaamka mara tatu kukagua komeo.

Jumanne ikawa vilevile. Jumatano pia. Kazini aliunguza mashuka mawili, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata leso. Na kila jioni mama alizidi kuchangamka, ila si kwake.

"Mchana unakuwa mpole," mama alimwambia. "Jioni unanishika kama mzigo."

Neno hilo lilimchoma kuliko pasi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, alimwomba msimamizi ruhusa, akapanda treni ya kurudi. Hakuweza kukaa, ingawa viti vilikuwa vitupu. Stesheni akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Mnyororo ulikuwepo. Kufuli limefungwa. Mnyororo umekumbatia hewa, baiskeli haipo.

Akapanda basi. Akashuka kituo kimoja kabla kwa sababu lilikuwa linajikokota. Akakimbia.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani kwao. Gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka, polepole. Pale nje hapakuwa na mtu.

Akausukuma mlango.

"Taratibu," mama alinong'ona. "Utamwamsha."

Mama alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda. Upande wa ukutani, blanketi lilikuwa limeinuka. Bega. Nyonga. Miguu iliyokunjwa. Lilipanda na kushuka.

"Nani, mama?"

"Binti yangu. Kachoka, maskini. Kaendesha baiskeli njia nzima." Mama akamtazama. Akamtazama sana, kwa yale macho yake mazima. "Na wewe nani?"

Binti alilivuta blanketi.

Hapakuwa na kitu. Godoro tu, limebonyea. Mbele ya macho yake likaanza kujaa, nyonga kwanza, kisha bega, kama linavyojaa mtu anapoinuka.

Kitu kikampita. Hakikumgusa. Alisikia harufu ya shuka zilizopigwa pasi.

Nje, kengele ya baiskeli ililia mara moja. Alipotoka, ukuta ulikuwa mtupu. Fundi cherehani alikuwa dirishani, kitambaa mkononi. Alitazama barabarani, akamtazama yeye, akatazama tena barabarani. Kisha akafunga dirisha.

Jioni ileile kaka yake alikuja na gari, wakamhamishia mama kwake, upande wa pili wa mji. Mpiga pasi hakurudi kazini. Akakaa na mama kutwa, akimlisha taratibu, akijifunza upole kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani. Siku ya tisa mama alimwita kwa jina lake la utotoni, akashika mkono wake, na binti akalia mpaka kwikwi zikamshika. Baiskeli haikuonekana tena.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa alichofungwa mama kichwani. Tangu siku ile mama hakukubali kivuliwe. Wifi, mke wa kaka, ambaye ni msusi, alimbembeleza mama hadi akakubali aoshwe nywele. Alipokifungua, walikuta mvi zote zimesukwa, mistari myembamba kama uzi.

"Nani kamsuka?"

Mama alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Wifi akatafuta mwisho wa msuko ili afumue. Akatafuta kwa kitana, akatafuta kwa kucha. Saa nzima ikapita. Mwishowe akaweka kitana chini, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Wifi," alinong'ona, "hizi hazikuanzia kichwani. Zimeanzia nchani, mwisho wake umeingia ndani ya kichwa."