Mwito wa Ng'ambo ya Theluji

Nimetembea sana, na kila nilikofika nimeaibika kwa namna mpya. Masika ya mwaka hamsini na nane niliaibika Mlima Kenya: soksi mikononi, pua inachuruzika, mgongoni mzigo wa Mzungu mmoja mpima theluji. Mwenzangu alikuwa shemeji yangu Buya, mvushaji wa watu kwa mtumbwi mtoni kwetu Ndera. Tuneya, dada yangu na mkewe, aliniusia neno moja tu.

"Kaka, nirudishie mume wangu kama alivyo."

"Kama alivyo? Na ubaya wote huo?"

Tukacheka.

Asubuhi ile jua lilikuwa zuri. Mzungu alichomeka fimbo kwenye mteremko, akatikisa kichwa. Theluji mpya ilikuwa imelalia ile ngumu ya zamani bila kushikana nayo. Buya alielewa mara moja.

"Huu ni kama ukingo wa mto ulioliwa na maji chini," akasema. "Kwetu hata mbuzi hapitishwi."

Mzungu akatuacha mwambani tumngoje, akarudi kambini kuchukua kamba. Adhuhuri ukungu ukashuka.

Ndipo mtu akaita, ng'ambo ya mteremko.

"Nivusheniii!"

Sauti ya mwanamke. Lafudhi ya Ndera kabisa.

Sasa, kwetu mvushaji akiitwa hanyamazi. Aitwe na mgeni, aitwe na adui, huitika kwanza, mengine baadaye. Nililijua hilo. Nikaruka kumziba mdomo. Nikachelewa.

"Najaaa!" Buya akaitika, akanyanyua mguu.

Nikamkumbatia kiuno. "Shemeji," nikanong'ona, "huku hakuna mto."

"Niachie. Nimeshaitika."

"Na Tuneya je?"

Akasita.

Mteremko ukaguna. Ufa ukakimbia mbele ya vidole vyake. Theluji yote ikaondoka, ikanguruma hadi bondeni. Ikatulia.

Kimya.

Halafu, chini kabisa, chini ya theluji ile:

"Najaaa!"

Ilikuwa sauti ya Buya. Nikamgeukia. Mdomo wake ulikuwa wazi. Hautoi kitu.

Nilimfikisha Ndera mzima, vidole vyote kumi. Lakini hakusema tena. Tuneya alimbembeleza, akamchokoza, akamtukana hata ukoo. Wapi.

"Kaka," akaniuliza, "sauti yake umeiacha wapi?"

Mimi, mdomo mrefu kuliko barabara ya Garsen, nikaomba maji ya kunywa.

Kisha mto wetu ukafurika, maji ya mlima uleule. Tuneya akachota mtungi mmoja, akauweka kivulini maji yatuame. Tulikuwa tunakula. Mtungi ukaitika. Taratibu, kutoka ndani.

"Najaaa."

Buya akaweka tonge chini. Akalia, mabega yakimtikisika, bila mlio wowote.

Mafuriko yameshaondoka. Kiangazi kimepasua ardhi mpaka Minjila. Tuneya hajayamwaga maji yale, wala haruhusu mtu kuyanywa. Jana niliushika mtungi, nikitaka kuusogeza tu. Ulikuwa umeganda kwa baridi ya mlimani.

Ngozi ya kiganja changu ilibaki pale.