Kata Mbili za Maji

Mwaka ambao masika hayakunyesha, katikati ya miaka ya hamsini, bomba la Mtaa wa Mchikichi pale Kariakoo lilikuwa likifunguliwa asubuhi tu. Wanawake walipanga madebe yao mstarini tangu alfajiri, kisha wakaenda kukaa barazani, wanasukana nywele na kupiga soga mpaka Bushiri, mlinzi wa bomba, aje na ufunguo wake. Hakuna aliyehofia kuibiwa zamu. Kila debe lilijulikana ni la nani: hili limefungwa kitambaa chekundu, lile limebonyea ubavuni, lile lina alama ya chokaa.

Debe moja tu halikuwa na mwenyewe. Lilikuwa jeusi, limeliwa na kutu, na kila asubuhi lilikutwa mstarini, la kwanza kabisa. Aliyefuata alilisogeza pembeni kwa mguu, akakinga lake. Hakuna aliyelizungumzia.

Severa, mke wa Kasmir, alikuwa na miezi saba tu tangu ashuke kutoka Rombo. Yeye hakujua, basi akamuuliza mama mwenye nyumba wao.

"Bi Tatu, lile debe jeusi la nani?"

Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Lione hivyo hivyo, mwanangu. Usiliguse."

Ijumaa moja Josepha, binti yake Severa wa miaka minne, aliamka na homa kali. Kasmir alikuwa ameshakwenda kazini, kwenye duka la vitenge la Manubhai. Severa akamwomba jirani amwekee debe lake mstarini, naye akabaki kumbembeleza mtoto. Mtungi ulikuwa umekauka tangu jana jioni. Josepha alikuwa anasema neno moja tu, maji, na kila akilisema sauti inazidi kufifia. Mtoto alipopitiwa na usingizi, jua lilikuwa limepanda. Severa akatoka mbio.

Akakuta bomba limefungwa. Bushiri ameondoka, wanawake wameondoka. Debe lake limebaki peke yake mchangani, tupu. Na kando yake lile jeusi.

Limejaa.

Maji yalikuwa yamefika ukingoni, meupe, yametulia. Hata chembe ya kutu haikuonekana ndani. Severa alitazama huku na huku. Akaita, "Hodi jamani! Maji ya nani haya?" Hakujibiwa. Akamkumbuka mtoto. Akalishika debe jeusi kwa mikono miwili, akayamimina yote katika lake, akajitwika. Njiani alihisi ubaridi wa yale maji ukipenya bati na ngata ya kitambaa mpaka utosini.

Josepha alikunywa kata nzima bila kupumua. Akaomba nyingine, akainywa. Akalala. Severa akayatia maji yaliyobaki mtungini, akaketi kitandani, akamshukuru Mungu.

Ikafika adhuhuri. Wanaume walikuwa msikitini na mtaa ulikuwa umenyamaza. Ndipo Severa aliposikia bati likiburuzwa ukumbini. Linaburuzwa, linatulia. Linaburuzwa, linatulia. Likaja kusimama mlangoni kwake.

"Hodi."

Severa akainuka kitandani. Ile sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye ulimi umegandana na kaakaa.

"Nimefuata maji yangu."

Severa aliinama akachungulia chini ya mlango. Aliona kitako cha debe jeusi. Akatafuta miguu ya aliyelileta. Hakuna.

Kutoka chumba cha pili, Bi Tatu alinong'ona kupitia upenyo wa ukuta. "Umefanya nini, mwanangu? Mpe. Mpe yote, usimtazame."

Severa aliukumbatia mtungi, akafungua mlango kwa kiwiko, macho ameyafumba. Akamimina. Aliyasikia maji yakiingia debeni mpaka tone la mwisho. Akasubiri.

"Hayajatimia."

Severa akaupindua mtungi, hakukutoka kitu.

"Bado kata mbili."

"Mtoto ameyanywa," Severa alisema. "Mtoto mgonjwa. Nisamehe. Kesho nitakuletea mengine, nitakuletea kila siku."

"Sitaki mengine. Nayaona yangu yalipo."

Nyuma yake Josepha akakohoa. Kikohozi kikavu. Severa aligeuka, akafumbua macho. Midomo ya mtoto ilikuwa inapasuka. Mashavu yanabonyea. Macho yanadidimia, taratibu, huku yeye mwenyewe anatazama.

Bati likaburuzwa. Limevuka kizingiti.

Severa aliruka akasimama katikati, mgongo kwa mtoto. Hakuona kitu mbele yake isipokuwa debe. Lakini alihisi pumzi. Ya moto. Karibu na shingo.

"Chukua kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemimina. Chukua kwangu."



Kisha kiu ikampanda kutoka nyayoni. Ikapita magotini. Ikapita tumboni. Ilipofika kooni, akaanguka.

Bi Tatu alipopata ujasiri wa kuingia, debe halikuwapo. Severa alikuwa sakafuni, ngozi imekunjamana kama ya mwanamke wa miaka sabini, lakini anapumua. Josepha alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtiririka, homa imekwisha. Alikuwa anaomba uji.

Severa alipona. Ngozi ilirudi, nguvu zikarudi, akazaa watoto wengine watatu. Debe jeusi halikuonekana tena Mchikichi. Ila tangu siku ile, katika joto lote la Dar es Salaam, hakuna aliyemwona akitoka jasho. Na siku walipomzika Kasmir alilia kwa sauti mpaka ikamkauka, macho yake makavu.

Alikufa mzee, kitandani, kwa amani. Josepha mwenyewe alimwosha, yeye na wanawake wawili wa jumuiya yao ya kanisani. Walimlaza juu ya ubao, wakaweka karai chini la kukinga maji. Wakamwagia ndoo ya kwanza, polepole, kuanzia kichwani. Wakamwagia ya pili. Ya tatu ilipokwisha, mmoja wao aliinama alivute karai akamwage nje.

Lilikuwa kavu. Na ubao ulikuwa mkavu.

Walitazamana. Kisha wakamvisha gauni lake, wakamfunika, na hakuna hata mmoja wao aliyesema neno mpaka jeneza lilipofungwa.