Unga wa Kichwa Kwenye Chai ya Makhulu

Gari la hospitali lilikuwa limeshaiacha Cofimvaba nyuma, na Makhulu bado anamsema dereva kwa kuwaamsha mapema. Zimkhitha, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alimmiminia chai. Bibi akachana pakiti ya karatasi, akamwaga unga mweupe wa kutuliza maumivu ya kichwa kikombeni, akakoroga, akanywa.

Makhulu alikuwa na figo moja tu. Nyingine ilitolewa zamani, na sasa hii iliyobaki ilikuwa imeota uvimbe. Daktari wa East London, mji wa pwani huko huko Afrika Kusini, alisema hataikata. Angepitisha sindano ndefu mgongoni mpaka kwenye uvimbe, auue hukohuko ndani.

Kwa kukosa la kufanya, Zimkhitha aliisoma ile karatasi. Kwenye maandishi madogo akaona neno aspirini. Alishtuka.

"Makhulu, si daktari alisema uache aspirini wiki nzima? Alisema ukiinywa damu haitaganda!"

"Vidonge nimeacha vyote. Huu si dawa, ni unga wa kichwa. Mama yangu alikuwa anakunywa hivihivi."

"Lakini imeandikwa hapa."

"Umeshakuwa daktari wangu? Fungua mdomo huko uone, waturudishe nyumbani tuanze foleni upya. Nyamaza!"

Zimkhitha aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Hospitalini, Daktari Mpongwana aliwaonyesha picha ya figo. "Moto nao unaua uvimbe, Mama, ila wako umekaa karibu na utumbo. Nitatumia baridi kupitia sindano, maana kwenye mashine naliona bonge la barafu linapoishia. Nitaugandisha, niuache uyeyuke, niugandishe tena."

"Kumbe nagandishwa kama kuku wa dukani!" Makhulu akacheka. "Haya, anza basi."

"Aspirini umeacha?"

"Nimeacha."

Makhulu alimkazia macho mjukuu wake. Zimkhitha akasimama hata hivyo, akaweka karatasi mezani.

"Daktari, amekunywa unga huu asubuhi hii. Anakunywa kila siku."

"Mchongezi mkubwa wewe!" Makhulu akafoka. "Nimekulea kwa mikono hii!"

"Nikasirikie tu, Makhulu. Figo unayo moja."

Daktari aliisoma karatasi, akavua glavu. "Mama, ningekuchoma sindano leo, figo ingevuja damu, na huenda ningeshindwa kuizuia. Leo hatufanyi. Utalala wodini mpaka dawa hii ikutoke mwilini."

Makhulu aligeukia ukuta. Daktari akamwambia Zimkhitha, naye bibi akisikia, "Mimi natibu kwa kile ninachoambiwa. Chochote mgonjwa anachomeza, cha dukani au cha kwenye chai, lazima akitaje. Na mtoto akijua hatari aiseme, hata kama mkubwa amemkataza. Huko si kukosa adabu."

Makhulu aligandishwa uvimbe wiki iliyofuata, na damu haikumsumbua. Picha za baadaye zilionyesha uvimbe umekufa na figo inafanya kazi. Kile kichwa kilichokuwa kikimuuma kiligunduliwa kuwa kinatokana na shinikizo la juu la damu, akapewa vidonge vyake. Alimnunia Zimkhitha mpaka Pasaka, halafu akachoka kununa. Daktari Mpongwana alihamia Mthatha. Zimkhitha yuko sekondari huko Komani. Makhulu analima viazi.