Lori la Msiba wa Watu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tupokigwe alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamshika bibi yake mkono na kumtembeza: chooni, jikoni, na hatimaye kwenye kigoda chake barazani. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya achelewe namba ya asubuhi shuleni karibu kila siku. Bibi hakupenda kuharakishwa, na njia ya kutoka chooni ilikuwa na mawe.

Walikaa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Mama yake Tupokigwe alishinda sokoni akiuza ndizi, kwa hiyo kazi ya kuwa macho ya bibi ilimwangukia binti. Bibi alikuwa na ukungu mweupe katika macho yote mawili. Mwanzoni alikuwa akitambua sura za watu. Sasa aliona mwanga tu, na kivuli mtu akipita.

Mama alimbembeleza aende hospitali mpaka akachoka. Bibi alikuwa na jibu moja.

"Kule wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha. Niliambiwa na mtu mzima, si mtoto. Je, likidondoka? Paka akipita hapo?"

Tupokigwe alikuwa akibana kicheko kila aliposikia habari za yule paka. Lakini siku mama aliposema, "Basi, mwakani ukimaliza darasa la sita itabidi ukae nyumbani umtunze bibi," kicheko kiliisha. Bibi akipofuka kabisa, shule nayo ingekwisha. Bibi mwenyewe aliyasikia maneno yale, na jioni hiyo hakula.

Jumamosi moja alfajiri walipata habari kwamba Lukasi, mdogo wake bibi, amefariki huko Kisiba. Mama alitangulia asubuhi na mapema kusaidia mapishi. Bibi na Tupokigwe wangefuata kwa lori la waombolezaji. Ilikuwa ile miaka ambayo watu binafsi walianza kununua magari, maduka ya Tukuyu yakajaa tena sabuni na sukari, na familia iliyofiwa iliweza kukodi lori zima.

Walipofika stendi, mvua ilikuwa inanyesha. Palikuwa na malori mawili yaliyofunikwa turubai, na wanawake wenye kanga vichwani walikuwa wanapanda yote mawili.

"Kamwulize dereva lipi la Kisiba," bibi akasema, akasimama chini ya upenu wa duka.

Tupokigwe akaenda. Katikati ya njia, mwanamke mmoja alikuwa anafungua belo la mitumba, na watu walikuwa wanalirukia kama kuku waliomwagiwa mahindi. Palikuwa na sweta za kila rangi! Tupokigwe akasema moyoni aangalie kidogo tu. Akachomoa moja, akaipima kifuani, akachomoa nyingine. Mara honi ikalia. Lori moja lilikuwa limekwisha kuwasha injini.

Alirudi mbio.

"Umeuliza?" bibi akasema.

"Nimeuliza, bibi. Ni hili hili. Twende, linaondoka!"

Wakapanda. Ndani ya turubai hapakuonekana kitu, na watu waliimba tenzi za kanisani toka mwanzo wa safari. Kwenye lori la msiba hakuna anayemwuliza mwenzake anakwenda kumlilia nani. Ukishapanda, umefiwa.

Baada ya muda bibi akajikunja ndani ya kanga yake. "Tupo, mbona baridi inazidi? Kisiba tunateremka kwenye joto. Hili gari linapanda."

Tupokigwe naye alikwisha kuhisi lori likipanda. "Ni mvua tu, bibi," akasema. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha.

Lori liliposimama, bibi alifanya kama inavyompasa dada wa marehemu. Alishuka, akakaza kanga kiunoni, akapaza sauti: "Lukasi! Lukasi mdogo wangu! Umeniachia nani mimi?"

Alilia kwa nguvu zake zote. Wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza mmoja mmoja. Mwanamume mmoja mrefu akasogea taratibu, akainama mbele ya bibi.

"Pole sana, mama. Mimi naitwa Ackson, mwenye msiba. Ila aliyefariki ni mama yetu mzazi. Hapa hakuna Lukasi."

"Hapa si Kisiba?"

"Hapa ni Igogwe, mama."

Tupokigwe alitamani ardhi ipasuke. Kisiba ilikuwa upande mwingine kabisa wa Tukuyu! Bibi alisimama pale, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, asijue ageukie wapi.

Lakini Bwana Ackson hakucheka, wala hakuruhusu mtu acheke. Alimletea kiti. "Umeshamlilia mama yetu, basi kaa nasi. Lori litarudi Tukuyu baada ya maziko." Kisha akamwita dereva kwa sauti nyingine kabisa. "Meshaki! Umewaambia nini hawa?"

Dereva akaja anajifuta mafuta mikononi. "Mimi? Hakuna aliyeniuliza kitu, mzee."

"Mjukuu wangu alikuuliza," bibi akasema. "Huyu mtoto ndiye macho yangu. Hanidanganyi."

Meshaki akamtazama Tupokigwe. Tupokigwe akatazama vidole vyake vya miguu.

"Unabeba watu ovyo bila kuuliza wanakwenda wapi," Bwana Ackson akamwambia dereva. "Familia hii haitakukodi tena." Meshaki akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi ya lori. Tupokigwe alimwonea huruma, na zaidi alijionea aibu.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa bure msibani. Aliomba kisu, akaketi na akina mama, akaanza kumenya ndizi kwa kupapasa. Pembeni yake aliketi mwanamke mzee kuliko yeye, amevaa miwani minene kama vitako vya chupa, na ungo wa mchele mapajani. Aliitwa Bibi Sekela.

"Unafanya nini, mwenzangu? Nasikia kama mchele," bibi akasema.

"Nachambua mawe."

Kisu cha bibi kikasimama. "Mawe ya mchele? Wewe unayaona?"

"Mwaka juzi nilikuwa siuoni hata ungo wenyewe. Nilikuwa na ukungu kama wako. Wakanipasua hapa hapa hospitali ya misheni."

"Walilitoa jicho?"

Bibi Sekela alicheka mpaka akajikumbusha yuko msibani. "Walitoa ukungu! Jicho halikwenda popote. Na madaktari wa macho wamekuja tena, watakuwepo mpaka Jumatano. Lala kwangu, Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

Tupokigwe alimjua bibi yake: alitaka kwenda, na alikuwa anaogopa.

"Tupo," bibi akasema. "Sogea umtazame. Ni jicho lake, au wamemwekea la kioo? Wewe ukiniambia, nitaamini."

Bibi Sekela akavua miwani. Tupokigwe akasogea mpaka pua zao zikakaribiana. Jicho lilikuwa jicho. Jibu lilikuwa jepesi, lakini halikutoka. Kinywa kilichotakiwa kumtuliza bibi ndicho kilichomleta Igogwe kwa uongo. Na kama angesema ukweli wa lori sasa, bibi angemwamini vipi kuhusu jicho? Angegoma kwenda, na Jumatano madaktari wangeondoka. Akatazama kwenye lori. Meshaki bado alikuwa kwenye ngazi.

"Bibi," akasema. "Sikumwuliza dereva. Nilikuwa naangalia mitumba. Nilikudanganya stendi, nikakudanganya tena kwenye gari."

Akina mama waliokuwa karibu wakaacha kumenya. Bibi akaweka kisu mapajani.

"Kwa nini unaniambia sasa? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Kwa sababu umeniuliza habari za jicho," Tupokigwe akasema, machozi yakimtoka. "Nataka uniamini."

Bibi akavuta pumzi. "Basi tazama tena. Polepole. Uniambie unachokiona, si unachodhani nataka kusikia."

Tupokigwe akajifuta machozi, akatazama tena. "Lina mshipa mwekundu pembeni. Linapepesa. Nikienda huku linanifuata. Sasa limetoa chozi, nadhani kwa sababu ya moshi. Ni jicho lake, bibi."

Bibi akarudisha kisu kwenye ndizi. "Nitalala kwa Sekela," akasema. "Na wewe nenda kwa yule dereva na kwa Bwana Ackson. Sema mbele yao wote wawili ulichosema hapa."

Alikwenda. Alisema yote mbele yao wawili. Bwana Ackson akamwomba Meshaki radhi, na Meshaki, ambaye angeweza kununa, alijitolea kufikisha habari Kisiba ili mama asihangaike kuwatafuta. Jumatatu asubuhi mama alikuwa mlangoni pa hospitali kabla yao.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza. Bandeji ilipofunguliwa na bibi akavishwa miwani, alimtazama mjukuu wake toka utosini mpaka kwenye visigino.

"Ndaga fijo, Mungu wangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akaongeza, "Tupo, kumbe shingo huwa huogi?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Tupokigwe hakuwahi kufurahi hivyo kwa kusemwa.

Wiki mbili baadaye walikwenda Kisiba kuhani msiba wa Lukasi. Waliposhuka kwenye gari, Tupokigwe akasema neno alilokuwa nalo siku zote hizo.

"Bibi, lakini kama nisingedanganya, tusingefika kwa Bibi Sekela."

Bibi akasimama njiani.

"Uongo wako ulinipeleka kumlilia Lukasi kwenye msiba wa watu, na mdogo wangu akazikwa mimi sipo. Hicho ndicho ulichokileta. Bahati ilitukuta tu tumepotea. Lakini hospitali sikwenda kwa uongo. Nilikwenda kwa sababu ulisema kweli ulipokuwa unaogopa, nikajua hata la jicho ni kweli. Mtu asiyeona ana kitu kimoja tu, mjukuu wangu: neno la anayemshika mkono. Ukilichafua hilo, amepofuka mara mbili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi. Sitarudia."

"Haya." Tupokigwe akanyoosha mkono kumshika, kama alivyozoea. Bibi akausogeza pembeni, akaikaza kanga yake, akashika njia ya kwa marehemu Lukasi akiwa mbele peke yake, anakwepa mawe.